Nzuri, Ila

Ingieni, ingieni, msisimame mlangoni mkanizibia hewa. Mikeka ipo, asiyepata mkeka achukue ndoo aigeuze. Aliyekuja kusikiliza karibu, aliyekuja kupeleleza naye karibu, chai ni ile ile. Nyumba yenye watu kumi mimi naiona tupu. Habari tamu huanza akiingia wa kumi na moja.

Nchi nitakayoisema haina jina. Ilikuwa nalo, zuri tu, likachukuliwa kwenda kukarabatiwa kwa ajili ya sherehe za uhuru, na mkandarasi hajalirudisha. Hatujapungukiwa. Ukiandika barua unaandika "Hapa", na barua inafika au haifiki, kama zamani.

Nchi yenyewe ina sehemu mbili, Mlimani na Bondeni, na katikati yake kuna kiwanda cha rangi. Mto unazaliwa Mlimani, unapita kiwandani, kisha unatushukia sisi. Wenzetu wanakunywa kabla ya kiwanda, sisi tunakunywa baada. Hiyo ndiyo tofauti yote. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Usawa, Afya na Ustawi Endelevu wa Jamii imeichunguza tofauti hiyo kwa miaka kumi na moja, ripoti zake zimejaza makabati manne, na mpaka leo inasema chanzo hakijulikani.

Msikilaumu kiwanda. Kiwanda ni cha muhimu. Kinatoa rangi nyeupe na nyeusi za kupaka kingo za barabara anakopita mkubwa, na kijani ya kupaka miti iliyokauka wageni wakikaribia. Sisi Bondeni hatuna haja ya redio. Maji yakija kijani, tunajua kuna mgeni wa nje. Yakija meupe kama tui, tunafagia, maana mkubwa mwenyewe yuko njiani.

*

Ganzi ilikuja kama mgeni mwenye adabu. Ilianzia vidole vya miguu, ikakaa hapo miezi, haina makuu. Mzee Pazi, muuza kahawa wetu, alitembea na msumari kwenye unyayo tangu asubuhi mpaka alasiri. Aligundua alipotaka kuvua kandambili, ikakataa kutoka.

"Nikasema leo kandambili imenipenda," alituambia, akacheka, nasi tukacheka.

Baadaye ikampanda mikononi, akawa anapanga makaa kwa vidole badala ya koleo. Biashara ikachangamka, maana watu walikuja kutazama.

Uzuri wa ganzi ni kwamba haiumi. Mwenye ganzi hasumbui majirani kwa kulia. Hata misiba yetu ilitulia. Zamani msiba wa Bondeni ulisikika mpaka Mlimani. Siku hizi tunakaa, tunakula ubwabwa, tunatazamana, tunaagana. Sijui ilianza lini. Nadhani ilianza tukiwa tunaangalia kitu kingine.

Sasa, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta ni Kidawa, msusi. Mwanamke mwembamba, mdomo mkali, vidole kama sindano za kushonea. Mlimani walikuwa wanaleta vichwa vyao kwa gari ili avisuke yeye. Akikushika kichwa anajua ulilala upande gani na uligombana na nani. "Macho ni ya kusalimia wateja," alikuwa akisema, "kusuka ni vidole." Siku moja aliniambia vidole vyake vimeanza kusikia kwa mbali, kama mtu anayeita kutoka chumba cha pili.

Tukaenda kwa Nesi Fidea. Wakati huo zahanati ilikuwa hapa hapa Bondeni, vyumba viwili na bomba la maji safi yaliyoletwa na boza, lori la tangi, kila Jumanne. Nesi akamfumba macho Kidawa, akamchoma kidole na pini, akapanda nayo taratibu, mpaka Kidawa aliposema, "Hapo." Nesi akachora mstari kwa biro.

"Hapa ndipo unapoanzia wewe," akasema. "Mbele ya hapa si wewe tena."

"Itarudi?"

"Itarudi. Sindano kila wiki, maji ya boza tu, ya mto usiguse. Lakini ikivuka kifundo cha mkono, mwanangu, hairudi. Mkono utakuwa wa kubebea ndoo."

"Nesi, mimi sina kazi nyingine. Hata kupika sijui. Muulize Mama Semeni huyu."

Nikathibitisha. Wali wa Kidawa mimi nimeuona.

Akachomwa sindano mbili, wiki mbili. Mstari ukasimama pale pale, pingili ya pili. Tukaanza kuzoea neno "itarudi".

*

Basi wiki ya tatu Taasisi ikatuletea utafiti.

Ulikuja na Bwana Eliapenda, mdodosaji, mtu mzima mpole, shati limenyooshwa mpaka mifuko. Mkononi ana kishikwambi. Swali lilikuwa moja: "Habari za afya hapa nyumbani?" Na kishikwambi kilitengenezwa kupokea neno la kwanza tu, kwa sababu mkuu wa Taasisi, Profesa Kadirio, alikwisha kugundua kwamba neno la kwanza ndilo la kweli na yanayofuata ni siasa.

Sasa ninyi mnatujua. Mtu wa Bondeni haanzi na baya. Jirani yangu wa zamani aliunguliwa na nyumba; nikamkuta nje, godoro kichwani, moshi nyuma yake, nikamuuliza habari za kwako. Akasema, "Nzuri, ila inaungua." Tunaulizana habari za msiba, tunajibiwa nzuri. Si uongo huo. Nzuri ni mlango tu. Vyombo vyote viko ndani, nyuma ya ila. Na mtu mwenye malezi haingii kwa watu kupitia dirishani.

Bwana Eliapenda akapiga hodi kwa Kidawa.

"Habari za afya hapa nyumbani, dada yangu?"

"Nzuri, ila hii mikono yangu..."

Kifaa kikalia: ti.

"Asante sana, dada."

"Sijamaliza."

"Chenyewe kimemaliza."

Akaenda kwa Mzee Pazi. "Salama, ila..." Ti. Akaja kwangu. Mimi nilijiandaa, nikajiambia leo nitaanza na lenyewe. Nikafungua mdomo, ikatoka nzuri. Ti. Kaya mia tatu na kumi na mbili, ti mia tatu na kumi na mbili. Kikongwe mmoja tu, mwenye hasira zake, alijibu "Tupo", ikaandikwa: hai.

Matokeo tukayasikia Ijumaa. Profesa Kadirio alisoma mwenyewe, sauti ya mtu aliyemeza kipaza sauti.

"Ndugu wananchi, matokeo yanashtua. Bondeni, asilimia mia moja wana hali nzuri. Mlimani, asilimia themanini na tatu wana hali mbaya. Kwa hiyo pengo la usawa, ambalo wachochezi wamekuwa wakilisema, kweli lipo. Tulikuwa tunalitazama juu chini."

Maana Mlimani, jamani, watu wamesomea nje. Ukiwauliza hali wanakuambia. Wamesema shingo, wamesema kiyoyozi, wamesema usingizi wa mchana hauji. Mama mmoja alieleza huzuni ya mbwa wake kwa dakika arobaini, kifaa kikachukua neno la kwanza, "Inatisha", na likatosha.

Serikali ikachukua hatua Jumatatu yake. Lilikuja lori, likabeba zahanati. Wakang'oa mabati, milango, bomba, ubao wa matangazo, na kitanda, na juu ya kitanda wakampandisha Nesi Fidea, mkoba mapajani.

"Nesi, habari za kuhama?" tukamuuliza.

"Nzuri," akasema, "ila sitaki."

Lori likaondoka. Jumanne boza la maji lilipita pembeni yetu bila kusimama, likapanda. Kwenye msingi wa zahanati, pale sakafu ilipobaki, wakasimika bango refu la bluu: HONGERENI BONDENI, ASILIMIA MIA NZURI. Rangi yake ilipochanganywa kiwandani, maji yetu yalikuwa bluu siku nne.

Kidawa alijaribu kuifuata zahanati huko huko juu. Wakamtazama anuani wakamrudisha. Kadi zetu za Bondeni zote zilikuwa zimegongwa muhuri wa NZURI, na kumtibu mtu asiyeumwa ni kosa la kitaaluma. Nesi Fidea alimchungulia kupitia dirishani, akampa kitu pekee alichokuwa nacho mfukoni kisichokuwa cha serikali. Biro.

*

Tukaamua kwenda Taasisi kwenyewe. Ni mwendo wa saa mbili kwa mguu, kupanda tu. Getini tukamkuta mlinzi.

"Habari zenu, kina mama."

"Nzuri," tukasema kwa pamoja, "ila..."

"Kama nzuri, mmefuata nini?"

Tukarudi.

Wiki iliyofuata tukaenda tena, na safari hii hatukuitikia salamu. Mlinzi akatutazama, akasema wakorofi kiasi hiki bila shaka wana shida ya kweli, akafungua.

Profesa Kadirio alikuwa nyuma ya meza yenye ukubwa wa kitanda cha watu watatu. Alianza kusema kabla hatujakaa.

"Ustawi si kutokuumwa. Huo ni uelewa wa mtaani. Ustawi endelevu ni uwezo wa jamii kuendelea kuwa vizuri bila kutegemea hali yake halisi."

Kidawa akaweka mikono mezani. "Profesa, naomba unichome kidole hiki na pini."

"Mimi ni mtakwimu, mama. Sichomi."

"Basi kitazame."

Akavaa miwani, akakitazama kwa heshima. "Kidole kimoja si sampuli."

"Vipo kumi."

"Kumi vya mtu mmoja ni kimoja."

Mimi nikaona tunarudi tena kwa mguu. Lakini Kidawa ana mdomo, nimewaambia. Akainama mbele.

"Profesa, wewe mama yako alikuzaa wapi?"

"Bondeni," akasema Profesa, akashusha sauti kama anataja ugonjwa.

"Basi unajua. Mtu akikuambia nzuri, amekukaribisha tu. Jambo lenyewe linakuja baada ya ila. Kifaa chako kinakaribishwa, kinageuka, kinaondoka. Kingekaa kisikilize mpaka mwisho."

Profesa akavua miwani. Nilimwona anakumbuka kitu, uso ukalegea kidogo, ukawa wa mtu. Kisha akakiandika alichokumbuka, na uso ukarudi.

"Rudia. Baada ya...?"

"Ila."

"Ila," akaandika, akapiga mistari miwili chini yake. "Mama, umelisaidia taifa. Kifaa kipya kitasikiliza mpaka neno la mwisho kabisa. Nakuahidi. Tutarudi kukuuliza wewe mwenyewe, sampuli ya kina, na ukionekana mbaya, zahanati na boza vitarudi Bondeni ndani ya wiki."

Tuliposhuka tulikuwa tunacheka njia nzima. Kidawa alikuwa anajikwaa na hajui, lakini tulicheka.

Profesa naye akaondoka na Ila kwenda kuihutubia ughaibuni. Tulisikia imepokewa vizuri sana huko. Kulikuwa na kongamano la Ila, na mafunzo ya Ila kwa wakufunzi. Miezi mitano.

Sisi tuliendelea na Ijumaa zetu. Kila Ijumaa Kidawa alikaa kwenye kigoda changu, akageuza uso ukutani, mimi nikamchoma na pini kuanzia nchani nikipanda. "Bado," anasema. "Bado. Bado. Hapo." Nachora. Mstari ulitoka pingili ya pili ukaenda ya tatu. Ukaingia kiganjani. Wateja wakapungua, maana msusi asiyesikia vidole vyake anavuta nywele kama kamba ya ng'ombe. Bi harusi mmoja aliinuka kwenye kiti huku analia, nusu kichwa kimesukwa, nusu kimesimama, akaenda hivyo hivyo kwenye shughuli yake. Kidawa akakaa anatazama mikono yake iliyokuwa bado imeshika hewa ya kichwa cha yule binti.

Ijumaa ya ishirini na mbili "hapo" ilikuwa chini kabisa ya kiganja. Kufika kifundo kulibaki upana wa vidole viwili.

Jumamosi yake maji yakaja kijani. Profesa amerudi, na ana wageni.

*

Tangazo likatoka: utafiti wa marudio, Alhamisi saa nne asubuhi, uani kwangu, kwa sababu uani kwangu ndiko kunakoenea watu. Atakayeulizwa ni Kidawa.

Tukafanya mazoezi. Nyumba ilijaa mpaka watu walikaa juu ya ukuta, siku kama hizo ndizo ninazozipenda, basi tu. Mpango ulikuwa wangu: hatujui kifaa kipya kinachukua neno la kwanza au la mwisho, watu wa ofisi wana ahadi zao na vifaa vina zao, kwa hiyo Kidawa aseme neno moja tu. La kwanza liwe hilo, la mwisho liwe hilo. Mbaya. Afunge mdomo.

Lakini neno lenyewe lilikuwa halipiti kooni.

"Habari za afya hapa nyumbani?" nikamuuliza.

"Nz..."

"Kidawa!"

"Linanijia lenyewe, shoga. Nikisema mbaya, marehemu mama atageuka kaburini."

"Ageuke. Mikono yako ni ya kwako. Mzee Pazi, hebu muoneshe. Habari za afya?"

Mzee Pazi akasimama, akakohoa, akarekebisha kofia. "Mbaya kidogo."

"Toa kidogo."

"Mbaya... kiasi."

"Mzee!"

"Mbaya ya kawaida!" akasema, jasho linamtoka. "Mama Semeni, mimi nina miaka sabini na mbili, unataka niwe mhuni leo?"

Watu wakaangua kicheko. Mama mmoja juu ya ukuta akasema tumwekee Kidawa adhabu, kila akisema nzuri afinywe mkono. Tukamfinya mara nane. Ndipo tukagundua tulikuwa tunamfinya bure.

Jioni ya siku ya tatu akaweza. Nilimuuliza, akanitazama machoni, akasema, "Mbaya." Neno likaanguka katikati ya uani kama sufuria tupu. Jirani wa nyumba ya nne alilisikia akaja mbio na kanga ya msiba, akauliza nani amekufa.

*

Alhamisi walikuja Profesa Kadirio, wageni sita wa nje wenye kofia za jua, na Bwana Eliapenda na kishikwambi kipya, kinang'aa. Profesa akahutubia kidogo, dakika hamsini. Akasema siku ya leo sauti ya mnyonge itasikilizwa mpaka mwisho, na kwamba mwisho wenyewe utaamuliwa na kifaa.

Kidawa alikaa kwenye kigoda, mikono mapajani, viganja juu. Mistari yote ya biro ilikuwa inaonekana, imepangana kama ngazi. Watu walijaa, ukuta ulikuwa unalia.

Bwana Eliapenda akachuchumaa mbele yake.

"Habari za afya hapa nyumbani, dada yangu?"

Kidawa akanitazama mimi, kisha akamtazama yeye.

"Mbaya."

Kifaa hakikulia. Kilikuwa kinasubiri mwisho, kama tulivyoomba. Kidawa akabana midomo. Nikaanza kuhesabu moyoni, moja, mbili. Nikasema tumeshinda.

Bwana Eliapenda hakuinuka. Naye ni mtu, ana mama, alilelewa. Aliitazama ile mistari, kidole hadi kidole, mpaka pale wa mwisho ulipo. Macho yakamjaa machozi. Katika miaka kumi na moja ya utafiti hakuna mtu wa Taasisi aliyewahi kututamkia neno lililomtoka hapo, na alilitamka kwa moyo wake wote.

"Pole sana, dada yangu."

Na Kidawa, mtoto wa watu, akajibu kama kila mmoja wetu angejibu.

"Nimeshapoa, kaka."

Ti.

Mzee Pazi aliketi chini taratibu, kahawa yake ikammwagikia mguuni, akaitazama.

"Futa," nikamwambia Bwana Eliapenda.

"Hakifuti." Alikuwa amekishika kama mtu aliyeshika mtoto wa mwenzake. "Mimi nimempa pole tu."

"Na wewe ukipewa pole," Kidawa akamuuliza, hata hakupandisha sauti, "unajibuje?"

Bwana Eliapenda akafikiri kwa uaminifu. "Nimeshapoa," akasema.

Profesa Kadirio alikwisha kukinyakua kifaa. Alikuwa anawaonesha wageni.

"Saa nne na dakika hamsini na tatu, hali mbaya. Saa nne na dakika hamsini na tatu hiyo hiyo, amepoa! Bila dawa! Bila sindano! Kwa kuulizwa tu!" Akavua kofia. "Mabibi na mabwana, mmeshuhudia. Utafiti wenyewe unatibu."

Wageni wakapiga makofi. Nasi tukapiga. Makofi yakianza kupigwa huwezi kuiacha mikono yako imekaa.

Tulimwendea baadaye, mimi na Kidawa, garini kwake. Tukaeleza pole ni nini na kupoa ni nini. Alisikiliza mpaka mwisho, siwezi kumsingizia. Akasema anaelewa, yeye mwenyewe ni wa Bondeni, lakini kulirekebisha jambo hilo kunahitaji utafiti mwingine, na Bondeni haiwezi kufanyiwa utafiti wa ugonjwa kwa kuwa sasa ni kituo cha uponyaji.

*

Sera ikatoka haraka. Zahanati zote za nchi zitapumzishwa. Mahali pa kila moja patakuwa na mdodosaji mmoja mwenye kiti. Mgonjwa atakwenda, ataulizwa, atapewa pole, atapoa. Mlimani walikataa, wao wakasema wanataka zahanati yao ibaki, na kwa kuwa walisema, ikabaki.

Kidawa akapewa tuzo. Mwananchi wa Kwanza Kuponywa na Utafiti. Sherehe ilipangwa Jumamosi, juu ya msingi wa zahanati, chini ya bango la bluu, na Waziri wa Ustawi Endelevu angekuja mwenyewe.

Ijumaa tulifanya kama kawaida. Aligeuza uso ukutani. Nikachoma kiganjani. "Bado." Nikachoma chini ya kiganja. "Bado." Nikachoma kwenye kifundo chenyewe, kwenye mfupa. Nikapita kifundo. Nikawa nasubiri.

"Mbona umeacha kuchoma?" akauliza.

Nilikuwa sijaacha. Nikafunika biro, nikamwambia tunywe chai. Akageuka, akaona pini ilipo, akasema sawa, weka tangawizi.

Hatukulia. Nilidhani tutalia, nikamtazama, naye alikuwa ananitazama mimi, kila mmoja anamsubiri mwenzake aanze.

Jumamosi afisa itifaki alikuja mapema kumfundisha. Kijitabu kwapani, manukato mpaka barabarani.

"Mheshimiwa atakupa mkono. Usiutazame mkono, inaonekana ushamba. Tazama kamera, tabasamu. Na usiachie mpaka Mheshimiwa aachie mwenyewe. Ni utovu wa nidhamu kumwachia Waziri kabla hajakuachia."

"Nitajuaje ameachia?"

"Utahisi tu," akasema, akaenda kupanga viti.

Waziri akaja. Alisema Bondeni ni mfano kwa dunia. Alisema kuna nchi zimetumia dawa miaka mia na bado zina wagonjwa. Alisema yeye binafsi amekuwa akiumwa mgongo, ameulizwa asubuhi, na tayari anasikia nafuu. Makofi. Kisha wakamwita Kidawa, nikapanda naye kumshikia mkoba, maana mkoba ulikuwa unamponyoka.

Waziri akaushika mkono wake. Kamera zikaanza. Kidawa akatazama mbele kama alivyofunzwa, meno nje, shingo imenyooka, gauni la shughuli, nywele amesukwa na mwanafunzi wake wa zamani.

"Oneni alivyonishika!" Waziri akawaambia wapiga picha. "Huu ndio mkono wa mtu mwenye afya!"

Akatikisa, akatikisa tena. Akavuta kidogo. Akavuta zaidi. Afisa itifaki akasogea, akambandua kidole kimoja kimoja, anatabasamu naye. Waziri akapunga, akashuka ngazi, watu wakamfuata, vumbi likainuka. Mpiga picha mmoja alibaki, anataka picha ya mshindi peke yake.

Kidawa hakutingishika. Mkono uko mbele, umekunja vidole, macho yako kwenye kamera.

"Mama Semeni," akaniita, meno yamefungana.

"Abee."

"Ameshaniachia?"

Nikageuka kutazama barabarani. Waziri alikuwa garini, kioo kinapanda, anajifuta kiganja na kitambaa.

"Kitambo, shoga," nikamwambia.